Medali za babu wa Bama: ba'mdogo anataka tuchonge "Victoria Cross" kaburini, tunajuaje kama ni kweli?

mjukuu_wa_meku

Wakuu habari za jioni. Nina swali refu kidogo mnivumilie, ni mambo ya ukoo na nimeshachoka kubishana kwenye grupu la familia.

Sisi ni watu wa Uru, Moshi Vijijini. Babu yetu mzaa baba alikuwa askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki) vita vya Hitla, akafika Bama yaani Burma, amefariki 1994 na inakadiriwa alizaliwa 1919. Desemba hii ukoo mzima unapanda nyumbani kama kawaida ila safari hii kuna kazi maalumu, tunajengea kaburi lake marumaru, michango inakusanywa tangu Juni na jiwe litachongwa mjini. Kasheshe ni maandishi. Ba'mdogo ndo mwenyekiti wa kamati na ameshapeleka kwa fundi maneno haya: SHUJAA WA BAMA, MSHINDI WA VICTORIA CROSS. Anasema babu aliteka daraja peke yake, akaua Wajapani kumi na wawili, akambeba afisa wa kizungu mgongoni mpaka hospitali, ndo mfalme akampa huo msalaba, medali ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza. Mimi babu nilimkuta, nilikuwa darasa la pili, na stori ya daraja aliisimulia kweli akiwa na kibuyu cha mbege mkononi, ila kwenye stori niliyoisikia mimi Wajapani walikuwa wanne. Kila msiba wanaongezeka.

Medali ziko kwenye kopo la Kimbo. Kuna nyota tatu za rangi ya shaba zenye ncha sita, na moja ya duara rangi ya fedha ina simba amesimama juu ya mnyama mwingine. Utepe zote mende walishamaliza, zimebaki nyuzi tu. Ya tano iko ndani ya kitambaa cha kaniki, bibi alikishonea pande zote na hatujawahi kuifungua. Bibi alikuwa mtu wa Tanga, sisi tukiwa wadogo tukiuliza anasema "hiyo ni ya somo, wekeni", basi tukajua kuna mafunzo fulani humo ndani tutaambiwa tukikua. Hatukuambiwa.

Sasa kwenye kila nyota katikati kuna herufi G, R na I, na pale pale VI. Ba'mdogo anasema huo ndo ushahidi wenyewe, maana babu jina la ubatizo linaanza na G, la ukoo linaanza na R, na VI ni kifupi cha VITA. Nikamuuliza na hiyo I je? Akaniambia niache usomi.

Juu ya yote ametokea jamaa mmoja anajiita wakala, anasema Uingereza inalipa familia za waliopigana Bama na medali zikihakikiwa tunapata pauni nyingi sana, anataka tumpe medali zote azipeleke Nairobi pamoja na 350,000 ya kuanzia. Ba'mdogo ameshakubali kichwani.

Naombeni, kuna mtu anajua hizi medali zinasomwaje? Na mtu akisema alikuwa shujaa inahakikiwa wapi? Sitaki kumvunjia babu heshima lakini jiwe likishachongwa limechongwa.

---

chalii_wa_ngarenaro

Mangi usimpe huyo wakala hata picha. Nakuambia kwa uchungu kabisa. Mama yangu huku Arusha alikuwa na mbili za baba yake, akaja kijana msafi na mkoba na fomu zina nembo ya taji juu, akasaini, akatoa 200,000 "ya kuhakiki", akampa na medali kwenye bahasha. Namba ilipatikana wiki moja. Mpaka leo mama akiona gari geni getini anasimama dirishani.

Na nilikuja kuulizia baadaye kwa watu wanaojua, ule msaada unaopita kwa Jumuiya ya Madola ni wa askari wenyewe walio hai na wajane wao, wale wazee wanaoishi kwa shida. Mjukuu hana chake hapo. Aliyezaliwa 1919 na kufa 1994, bibi naye hayupo nadhani, nani atalipwa sasa?

---

mjukuu_wa_meku

Bibi alifariki 2003. Pole sana kwa mama mkuu. Nimeirusha hii komenti kwenye grupu kama ilivyo.

---

fundi_saa_mbuyuni

Kijana umekuja mahali pake. Mimi saa ndo kazi lakini vitu vya zamani vya wakoloni vinapita mikononi mwangu sana hapa Mbuyuni, watu wanaleta medali nizing'arishe (usizing'arishe kabisa, nitarudi hapo).

Tuanze na hizo herufi, umenichekesha mpaka mteja akanishangaa. GRI ni Kilatini, Georgius Rex Imperator, yaani George, Mfalme, Kaisari, ukaisari wenyewe ni ule wa India. VI ni namba sita ya kirumi. Mfalme George wa sita. Kila nyota ya vita ile ina herufi hizo hizo, awe kapewa babu yako, awe kapewa mpishi wa meli wa Liverpool.

Sasa chukua nyota moja moja uisogeze kwenye mwanga, kuna duara limezunguka hizo herufi na lina maandishi. Nabahatisha utasoma THE 1939-1945 STAR, nyingine THE AFRICA STAR, nyingine THE BURMA STAR. Zote hizo ni medali za kuwepo. Kuwepo, sio ushujaa. Ulifika eneo la vita kati ya tarehe fulani na fulani ukatimiza masharti, unapata, basi. Ya Burma ni kuanzia 11 Desemba 1941 mpaka 2 Septemba 1945. Ya Afrika watu wanadhani ni ya jangwani tu kule Misri na Libya lakini Uhabeshi pia imo, na Keya wengi wa Tanganyika waliipatia kule kwa kupigana na Mtaliano 1940 na 1941. Hiyo ya duara yenye simba inaitwa War Medal, simba amekanyaga joka la vichwa viwili, hebu hesabu vichwa uniambie. Hiyo ilihitaji siku 28 tu za kazi ya jeshi.

Utepe ungekuwepo ungetusaidia sana. Wa Burma ni buluu iliyoiva na mstari mpana mwekundu katikati, halafu kila upande kamstari ka rangi ya chungwa. Wa Afrika una rangi ya mchanga na mwekundu katikati, pembeni buluu mbili tofauti. Angalia hizo nyuzi kabla hujazitupa. Na tafuta kwenye kopo kama kuna kajani kadogo ka shaba, kama jani la mti, kana urefu wa kucha hivi. Hako kalikuwa kanabanwa kwenye utepe wa War Medal kwa mtu aliyetajwa kwenye ripoti ya kamanda kwa kazi nzuri. Watu wengi hukatupa wakidhani ni kifungo.

Victoria Cross hamna humo, naomba tu ukubali. Ile ni msalaba, sio nyota, shaba ya rangi ya kahawia iliyofifia, utepe mwekundu wa damu ya mzee, imeandikwa FOR VALOUR, na jina la mtu linachongwa nyuma ya kile kipande cha juu kinachoshika utepe na tarehe ya tukio nyuma ya msalaba wenyewe. Tangu ianzishwe 1856 zimetoka kama 1,350 hivi dunia nzima na orodha yote iko wazi, mtoto wa darasa la tano anaipata kwenye simu.

Na hapa ndo pabaya zaidi kwa ba'mdogo wako. Nyota za vita ya pili Waingereza walizitoa BILA JINA. Zilikuja kwenye kaboksi kadogo na karatasi, hamna namba hamna jina. Kwa hiyo hata hiyo Burma Star haikuambii ni ya nani, inakuambia tu kuna mtu alikuwa Bama. Makumi ya pauni tu unanunua moja huko kwao. Lakini za ushujaa, Military Medal na Distinguished Conduct Medal ambazo ndo askari wa kawaida wangepata, zina namba, cheo na jina pembeni kwenye ukingo. Kwenye ukingo, sio usoni. Watu wanaangalia usoni miaka hamsini.

Na usizisugue na majivu wala dawa ya meno. Nimeshaona jina la mtu limeondoka kwa Colgate.

---

mjukuu_wa_meku

Fundi Mungu akubariki. Nimesoma kwa tochi ya simu, ni kama ulivyosema, 1939-1945, Africa, Burma. Joka lina vichwa viwili kweli! Jani sijaliona, ila shangazi anasema kulikuwa na "pini ya majani" mdogo wake mmoja aliichezea wakati wa Ujamaa. Sijui nilie.

Ukingo wa ile ya simba ni mtupu.

---

dereva_mstaafu79

Mimi nimestaafu JWTZ, niko Arusha, naomba niseme kidogo upande wa stori zenyewe.

Kagera nilienda. Nilikuwa dereva wa lori, nikibeba maji, mikate, na kurudi nimebeba majeruhi. Tulivuka Mutukula Januari 1979, Masaka ikachukuliwa Februari, Kampala tarehe 11 Aprili. Mimi Kampala niliingia siku ya tatu na lori bovu la klachi. Lakini kaeni kijiweni chochote hapa Kaloleni, kila mzee aliyevaa kofia ya jeshi alikuwa wa kwanza kuingia Kampala. Ukiwahesabu wote Amin angekimbia mwezi mzima kabla.

Tunavyojuana sisi kwa sisi, hatuulizani umeua wangapi. Aliyekuwepo kweli swali hilo linamkera. Tunaulizana ulikuwa kikosi gani, namba yako ya jeshi, koplo wa sekshoni yenu nani, mlikula nini, buti zilikuwa za aina gani, mvua iliwakuta wapi. Muongo ana majenerali mdomoni, amesalimiana na Msuguri kila mlima. Aliyekuwepo atakuambia jina la mpishi na mahali alipopoteza sufuria. Ila angalizo, kuna watu wa mgambo walichukuliwa kwa maelfu mwaka ule, pamoja na polisi, magereza na JKT, kwa hiyo mtu akishindwa kukutajia namba ya jeshi usikimbilie kumwita tapeli. Nimekaa handaki moja na mgambo mkulima wa mahindi ambaye hana medali hata moja na alikuwa na roho kuliko mimi.

Na mimi kifuani nina medali ya utumishi mrefu na tabia njema. Kwenye harusi watoto wananiangalia kama nimeteka nchi. Maana yake nimewahi foleni miaka mingi na sikuibia mafuta ya jeshi!

Kwa hiyo mjukuu, kaa na waliosikia kwa babu, waulize vitu vidogo. Babu alitaja mtu gani, chakula gani, mto gani. Daraja achana nalo kwanza.

---

chalii_wa_ngarenaro

Shikamoo mzee. Hiyo ya sufuria nimeiweka akilini.

---

dereva_mstaafu79

Marahaba. Na mwambie yeyote anayevaa gwanda kukusanya heshima baa aangalie, 2023 jeshi lilitoa siku saba nguo zote za mfano huo zirudishwe. Sio fasheni.

---

ticha_rau

Nimefundisha historia sekondari hapa Moshi miaka 26 naomba nichangie, nitajitahidi nisiwe darasani.

Kwanza kwa mjukuu, ushujaa wa jeshi la Mwingereza ulikuwa unatangazwa kwenye gazeti lao la serikali, London Gazette, na matoleo ya zamani yote yako mtandaoni bure. Military Medal, DCM, hata kutajwa tu kwenye ripoti, vyote vimo. Halafu kuna mapendekezo yenyewe, yaani ile karatasi afisa aliyoandika "askari huyu tarehe hii alifanya hivi", hizo ziko kwenye nyaraka za taifa Kew pale London, fungu linaitwa WO 373, unatafuta kwa jina na kupakua kwa pauni chache. Tatizo ni tahajia. Karani wa Keya aliandika jina la Kichaga kama alivyolisikia, Moshi inaweza kuwa Moschi, herufi ya mwisho inadondoka, na mara nyingi jina la baba ndo limekuwa la ukoo. Kwa hiyo tafuta kwa namba ya jeshi ukiwa nayo, ukiwa huna tafuta kwa batalioni. Za Tanganyika zilikuwa zile zinazoishia na sita, kama 6, 26, 36. Mbili hizo za mwisho ndo zilikuwa Bama ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilikuwa na alama ya kichwa cha kifaru begani, kifaru mnyama, mkikuta kitambaa chakavu cha kifaru kwenye sanduku mkishike vizuri.

Na hapo nimwonee huruma ba'mdogo kidogo, kwa sababu stori ya daraja haijatoka hewani. Divisheni ile ilishuka bonde la Kabaw kwenye masika ya 1944, matope mpaka kiunoni, malaria na homa za kila namna, ikafika Kalewa mwanzoni mwa Desemba, na pale kwenye mto Chindwin wahandisi wakaweka daraja la chuma la kuunga lenye futi 1,154, lilikuwa refu kuliko madaraja yote ya aina hiyo wakati huo. Mtu aliyelivuka au aliyelinda ng'ambo yake angelisimulia maisha yake yote. Sasa kutoka "nilikuwa kwenye daraja" mpaka "niliteka daraja" ni misiba mingapi? Mitatu?

Victoria Cross kwa Keya vita ya pili ni moja tu, Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, alikuwa batalioni ya 6 hiyo hiyo ya Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 kule Colito Uhabeshi alirukia kifaru cha Waitalia akafungua mfuniko akawaua waliomo isipokuwa dereva, akaenda kwa kingine akauawa. Askari Waafrika waliokuwa naye siku ile ulizia majina yao. Kwa hiyo ba'mdogo akisema "walimnyima kwa rangi yake" mimi siwezi kumcheka, hata bahashishi ya kumaliza vita ilipangwa kwa rangi, Mwafrika anapewa kidogo kuliko Mzungu wa cheo kile kile. Ila kunyimwa ni kitu kimoja na kuchonga kwamba alipewa ni kingine.

Na msikimbilie kucheka stori za wazee zinazosikika za ajabu. Kuna mzee alikuwa anatuambia amepigana na Wafaransa Madagaska, tukawa tunamwita Napoleoni. Kumbe 1942 batalioni ya Tanganyika ilipelekwa kweli, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Mjerumani. Nilikuja kusoma ameshazikwa.

Wanaotaka mfano wa upande wa pili, Amin huyo huyo wa mzee wetu hapo juu. Alijisifu kapigana Bama. Aliingia Keya 1946, vita imeshaisha mwaka jana yake, akiwa msaidizi wa mpishi. Tarehe mbili tu, huhitaji upelelezi. Baadaye akajipa VC, ila yake ilisimamia Victorious Cross, na CBE, ambayo ni nishani ya heshima ya Waingereza, akaigeuza kuwa Mshindi wa Himaya ya Uingereza.

---

mama_wawili_kijenge

Ticha hebu simulia ile ya ufagio, nilisikia kwa baba yangu nikajua ni utani.

---

ticha_rau

Hahaa. Inasimuliwa hivi. Wale askari wa Mjerumani wa vita ya kwanza waliokuwa na kamanda wao Lettow-Vorbeck, walisalimisha silaha Abercorn (Mbala ya Zambia ya leo) 25 Novemba 1918 wakiwa na mshahara wanaodai. Mwaka 1964 bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa waliobaki. Akaja mtu wa benki, ofisi ikafunguliwa Mwanza, wakajitokeza wazee kama 350. Wachache wana vyeti vya 1918, wengine wana vipande vya magwanda, wengi hawana kitu. Mtu wa benki akakwama. Akachukua ufagio, kila mzee akija anapewa ufagio kama bunduki na kuamrishwa kwa Kijerumani, bega, chini, salamu. Wanasema hakuna aliyekosea hata mmoja.

Nimewahi kuwasimulia wanafunzi wangu, mmoja akauliza "mwalimu na kama mtu alikuwa mfagiaji wa kambi akawa anaangalia kila siku?" Sikuwa na jibu.

---

dereva_mstaafu79

Huyo mwanafunzi angefaa usalama wa jeshi.

---

mama_wawili_kijenge

Asante ticha. Na mjukuu usisahau wale wasiorudi. Sisi kwetu kaka yake babu alipanda meli Mombasa 1944 hakurudi, hamna medali hamna kaburi, bibi alikuwa anaweka sahani yake Krismasi. Nilikuja kutafuta kwenye tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, unaandika jina tu. Kuna meli Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Mjapani 12 Februari 1944 karibu na Maldivi, ilitokea Mombasa, wakafa zaidi ya 1,200, wengi askari mizinga wa Afrika Mashariki. Nilimkuta. Jina limekosewa herufi mbili lakini jina la baba na kijiji vimo. Nilikaa kwenye kiti cha salun dakika ishirini na dawa kichwani.

---

mjukuu_wa_meku

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita, mambo ni mengi.

Kwanza wakala. Nilimwambia tuonane polisi kituoni atie saini kupokea medali, akasema yuko safarini. Bado yuko safarini.

Pili nimetafuta London Gazette usiku nne. Kwa jina la babu, kwa tahajia sita, hamna. Hayumo kwenye orodha yoyote ya ushujaa. Kwenye WO 373 nimekuta Waafrika wengi wa Keya na sababu zao, mmoja alibeba bomba la maji chini ya risasi mara tatu, nikasoma mpaka saa nane. Babu hayumo. Lile jani huenda lilikuwepo huenda ni pini tu ya shangazi, siwezi kulichonga kwenye marumaru.

Tatu nimefuata ushauri wa mzee dereva. Nikapanda Uru nikakaa na shangazi, ana miaka 84, sikuuliza daraja. Nikamuuliza babu alikula nini Bama. Akacheka, akasema baba yake alikuwa hawezi kuona samaki wa kopo, akifungua mtu kopo la samaki anatoka nje, maana mvua ilinyesha wiki na wiki na punda wa mizigo wakazama kwenye tope na hicho ndo kilikuwa kimebaki. Na kwamba rafiki yake alikuwa Mnyasa mmoja aliyekuwa anamkata nywele kwa kiwembe cha daktari. Na kwamba yeye babu kazi yake ilikuwa kuongoza punda. Punda wakuu! Punda wanne, akiwataja kwa majina mpaka anakufa. Nikajua wale "wanne" wangu wa darasa la pili ni akina nani.

Sasa ya nne. Shangazi akasema tufungue kaniki. Tukakata uzi kwa wembe. Ndani kuna medali nzito ya fedha, upande mmoja kichwa cha mfalme mwingine, sio yule, na upande wa pili, samahanini, kuna mwanaume yuko uchi kabisa juu ya farasi na miaka 1914 na 1918. Shangazi akafunika mdomo, akasema ndo maana mama aliishonea.

Fundi, hii ni nini? Babu 1914 hakuwa amezaliwa.

---

fundi_saa_mbuyuni

Aisee. Hiyo ni British War Medal ya vita ya kwanza, mfalme ni George wa tano, na huyo uchi ni Mtakatifu George, farasi wake anakanyaga ngao ya Mjerumani. Fedha halisi. Na hizo za vita ya kwanza ZINA MAJINA. Angalia ukingo, zungusha polepole, chini ya taa ya pembeni sio ya juu.

---

mjukuu_wa_meku

Nimeona. Kuna namba, inafuata PTE (praiveti, askari wa kawaida), halafu jina moja tu, halafu K.A.R.

Jina lenyewe ni jina la nyumbani la babu, lile la Kichaga ambalo hata kwenye cheti cha ubatizo halimo. Nikamsomea shangazi. Akakaa kimya kidogo akasema, huyo ni yule ndugu wa babu yake aliyeondoka Uru Waingereza walipoingia na kurudi hana vidole viwili, babu yenu alipozaliwa akapewa jina lake. Kwa hiyo bibi alivyokuwa anasema "hiyo ni ya somo" alikuwa anatuambia kabisa ni ya nani, ya wajina wake. Sisi watoto wa Moshi tulikuwa tunasubiri mafunzo.

Nikapeleka yote kwenye kamati. Tulibishana saa tatu na nusu, kuku wawili wameliwa. Jiwe sasa litasema: ASKARI WA KEYA, UHABESHI NA BAMA, na mwaka, basi. Ba'mdogo amekubali, amenyong'onyea lakini amekubali.

Ila jana usiku amenipigia saa tano. Anasema amefikiria sana, huyu somo kukatwa vidole viwili sio bure, huenda Victoria Cross ni ya huyo, na nitafute vizuri.

Fundi upo?